Sukari ya Nani, Mwiko wa Nani: Historia ya Jamu ya Nyumbani Uingereza

Katika nyumba nyingi za zamani za Uingereza kuna sufuria moja isiyopikiwa nyama wala viazi. Ni ya shaba, pana kuliko kina chake, na karibu mwaka mzima hukaa juu ya kabati ikikusanya vumbi. Huteremshwa Januari, machungwa machungu ya Seville yanapofika kutoka Hispania. Huteremshwa tena Juni kwa stroberi, Julai kwa karanti nyeusi, Agosti kwa plamsi, na Septemba watoto wanaporudi na vidole vyeusi baada ya kuchuma matunda ya miibani kando ya mashamba. Mama akizeeka humwachia binti yake sufuria hiyo, pamoja na daftari la vipimo lenye madoa ya sukari.

Waulize wenye sufuria hizo desturi hii ilianza lini, watakujibu kwamba ni ya tangu na tangu. Jibu hilo lina heshima, ila si sahihi. Kwa mwananchi wa kawaida wa Uingereza, kupika jamu nyumbani kila msimu ni jambo ambalo umri wake hauzidi sana miaka 150. Kabla ya hapo jamu ilikuwa ya wakubwa, na kabla ya kuwa ya wakubwa ilikuwa dawa. Kilichoibadilisha kila mara hakikuwa tunda. Matunda yalikuwepo na yalikuwa yakioza mitini. Ilikuwa ni sukari. Kwa hiyo anayetaka kuijua historia ya jamu ya familia hana budi kuuliza maswali ambayo si ya jikoni peke yake: sukari ililimwa na nani, nani aliweza kuinunua, na ni mkono wa nani uliokuwa umeshika mwiko.

Ustadi wenyewe ulitoka mashariki. Waajemi na Waarabu walikuwa wakihifadhi matunda kwa sukari zamani sana kabla ya Ulaya kujua muwa, na wenye jamaa Uarabuni au Uhindini wanaijua murabba hadi leo. Kwa njia ya Hispania na Sisilia maarifa hayo yakavuka bahari. Kufikia mwisho wa karne ya 15, meli za Ureno zilikuwa zikishusha bandarini London visanduku vya mbao vyenye mseto mgumu wa kwinsi, tunda la manjano lifananalo na pea lakini gumu na kali mno kuliwa bichi. Mseto huo ulikatwa vipande kwa kisu, ukaliwa mwisho wa karamu ili kutuliza tumbo. Waganga wa enzi hizo waliogopa matunda mabichi, wakiamini yanaleta homa. Tunda lililopikwa na sukari lilikuwa jambo jingine, na sukari yenyewe iliuzwa na wauza dawa. Nostradamus, yule Mfaransa anayekumbukwa kwa utabiri wake, alikuwa mganga, na mwaka 1555 kilichapishwa Lyon kitabu chake kilichochanganya mambo mawili: vipodozi na namna ya kupika matunda kwa sukari. Mimi naona kitabu hicho kilimfaa binadamu kuliko utabiri wake wote.

Karne ya 17 ilipoanza, mabibi wa nyumba kubwa za Uingereza walikuwa na vyumba maalumu vya kutengenezea marashi, dawa na matunda ya sukari. Gervase Markham alichapisha mwaka 1615 kitabu cha kumfundisha mke wa Kiingereza kazi zake zote, na kuhifadhi matunda kulikuwa miongoni mwa hizo. Zaidi ya vitabu vya kuchapwa kulikuwa na daftari za mkono. Binti akiolewa aliondoka na daftari la mama yake: hapa aprikoti, tunda dogo la rangi ya chungwa lenye kokwa, pale cheri, pale maua ya waridi. Daftari nyingi za namna hiyo zimehifadhiwa kwenye maktaba, na kwa kweli huo ndio mwanzo wa jamu kama mali ya ukoo. Lakini zisome kwa jicho la pili. Mwandiko ni wa bibi mwenye nyumba. Aliyeamka alfajiri kuwasha moto, akamenya, akatoa kokwa, akasimama saa nzima akikoroga huku uso ukimwiva, alikuwa mtumishi, na mara nyingi hakujua kuandika.

Wakati huohuo, upande wa pili wa Atlantiki, sukari ilikuwa imeanza kupikwa kwa wingi usiopata kuonekana. Waingereza waliweka makazi Barbados mwaka 1627, na kuanzia miaka ya 1640 kisiwa kikageuzwa shamba la miwa. Jamaica waliitwaa kwa Wahispania mwaka 1655. Waafrika waliokamatwa na kuvushwa bahari ndio walioikata miwa, wakaikamua, wakayapika maji yake usiku kucha katika msururu wa masufuria makubwa ya shaba, kila moja dogo kuliko lililotangulia na lenye moto mkali zaidi, mpaka uji ukaanza kuganda. Aliyesinzia alipoteza mkono kwenye mashine ya kukamulia au aliunguzwa na uji unaochemka. Ukiiangalia sufuria ya shaba ya jamu ukakumbuka zile za Barbados, utaona kwamba jiko la mwisho lilirudia kwa udogo kazi ya jiko la kwanza: kuondoa maji, kuzidisha utamu, kusubiri kuganda.

Wapo Waingereza walioliona hilo mapema. Mwaka 1791 William Fox alitoa kijitabu cha kuwasihi watu waache sukari ya watumwa, na Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi akipigania kukomeshwa kwa biashara hiyo, alikadiria kwamba watu 300,000 waliiacha. Wengi wao walikuwa wanawake, kwa kuwa wao ndio waliosimamia bajeti ya jikoni, ingawa hawakuwa na kura. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku mwaka 1807. Utumwa wenyewe katika makoloni ulianza kufutwa 1834, na ule mtindo wa kuwafanyisha kazi walioachiwa kwa jina la uanagenzi ukafika mwisho 1838. Serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Zilikwenda kwa waliomiliki watu. Waliomilikiwa hawakupata hata senti.

Na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tusisome habari hizi kana kwamba ni za watu wengine. Miaka ya 1870 na 1880 kingo za Mto Pangani zilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na Bushiri bin Salim, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Sukari ya Pangani ilizunguka katika Bahari ya Hindi, haikufika kwenye jamu ya Mwingereza. Ila chungu chake cha uji wa miwa kilihitaji mikono ya aina ileile.

Turudi Uingereza, maana sasa ndipo jamu inaposhuka kutoka kwa wakubwa. Mwaka 1747 mkemia Mjerumani, Andreas Marggraf, aligundua kwamba sukari iliyomo kwenye viazisukari ni ileile ya miwa. Napoleon alipokosa sukari ya Karibi kwa sababu ya vita, alihimiza zao hilo lilimwe Ufaransa, na kufikia nusu ya pili ya karne ya 19 viwanda vya Ujerumani na Ufaransa vilikuwa vinamwaga sukari sokoni. Bei ikaporomoka. Mwaka 1874 serikali ya Uingereza ikaondoa kabisa ushuru wa sukari. Mwaka 1800 Mwingereza mmoja alitumia kama ratili 18 za sukari kwa mwaka. Karne ilipokwisha alitumia karibu ratili 90, yaani kilo 40. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilipita kwenye chai, na nyingine ilikaa juu ya mkate. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani alikula mkate na jamu asubuhi, na akirudi jioni akala mkate na jamu. Siagi ilikuwa ghali, jamu ilikuwa rahisi. Chakula cha karamu za wafalme kikawa shibe ya maskini katika maisha ya mtu mmoja.

Mwaka huohuo wa 1874, mjini Oxford, Sarah Jane Cooper alipika jikoni kwake jamu ya machungwa machungu, ile inayoitwa mameledi. Alipika nyingi kuliko ilivyohitaji familia, na mumewe, aliyekuwa na duka la vyakula, akauza iliyozidi. Ikapendwa na wanafunzi wa chuo kikuu, ikajulikana dunia nzima. Chupa ziliandikwa Frank Cooper, jina la mume. Dundee, kule Uskochi, mambo yalikuwa hivyohivyo miongo mingi kabla: biashara ya mameledi iliyoanza mwaka 1797 ilikuwa ya Janet Keiller na mwanawe James, lakini kampuni ilikuja kuitwa James Keiller na Mwana. Kuna hadithi kwamba Janet ndiye aliyevumbua mameledi pale meli yenye shehena ya machungwa ilipokimbilia bandarini kwa dhoruba. Hadithi tamu, lakini vipimo vya mameledi ya machungwa vilikuwa tayari kwenye daftari za wanawake wa Uskochi kabla Janet hajafungua duka. Yaani hata walipompa sifa, walimpa sifa isiyo yake, wakamnyima iliyo yake.

Viwanda vilifuata. William Hartley, muuza duka wa Colne, Lancashire, aliletewa udhia mwaka 1871 na mtu aliyeahidi kumpelekea jamu asitimize; akaamua kupika mwenyewe, na mwaka 1886 akafungua kiwanda kikubwa Aintree, karibu na Liverpool. Miongoni mwa wenye viwanda, waadilifu walikuwepo. Lakini walikuwepo pia waliojaza makopo rojo la tanipu na rangi nyekundu wakaliita stroberi. Hapo ndipo jamu ya nyumbani ilipopata maana mpya ambayo haikuwa nayo zamani. Mama aliyepika mwenyewe sasa alikuwa anasema: najua kilichomo humu. Desturi ikazaliwa kwa kushindana na kiwanda, na mara ikaanza kujiita ya kale.

Kupika kwenyewe ni kazi ya hesabu iliyofichwa kwenye desturi. Ndani ya ganda na kokwa za matunda kuna kitu kinachoitwa pektini, ambacho mkemia Mfaransa Henri Braconnot alikipa jina hilo mwaka 1825. Tunda likichemshwa, pektini hutoka. Ukali wa tunda huzifanya nyuzi zake zishikane, na sukari ikiyavuta maji huzilazimisha kusogeleana mpaka zifanye wavu. Utamu ukifika kama asilimia 60 na moto nyuzi 104 au 105, jamu ipo tayari. Ukungu hauoti kwa urahisi kwa sababu maji yamefungwa na sukari, hakuna ya kunywa. Karanti nyeusi na plamsi zisizoiva sana zina pektini tele. Stroberi ina kidogo, ndiyo maana jamu yake hutiririka, na ndiyo maana wapishi huitia maji ya limau au kuichanganya na tofaa. Hakuna bibi aliyehitaji kumsoma Braconnot. Alidondosha tone kwenye sahani baridi, akalisukuma kwa ncha ya kidole. Likikunjamana kama ngozi ya mzee, alitoa sufuria motoni. Binti aliyesimama pembeni akiona hilo msimu baada ya msimu alijua bila kuambiwa, na sidhani kuna maandishi yanayoweza kumfundisha mtu ule mkunjo.

Kilichoifanya jamu kuwa habari ya taifa zima ni Vita Kuu ya Pili. Wakati huo wanawake wa vijijini Uingereza walikuwa na vyama vyao, Women's Institute, wazo lililoanzia Stoney Creek nchini Kanada mwaka 1897 na kufika Llanfairpwll, Wales, mwaka 1915. Vita ilipotangazwa Septemba 1939 miti ya plamsi ilikuwa imelemewa. Frances Farrer, katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo, akaibana serikali impe sukari ili mavuno yasioze, akaipata. Tarehe 8 Januari 1940 mgawo wa chakula ukaanza, sukari ikiwa miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa: wakia 12 kwa mtu kwa wiki, ambazo ni kama gramu 340, na baadaye zikapunguzwa. Meli za sukari zilikuwa zinazamishwa na nyambizi za Wajerumani. Mwaka huohuo serikali ikawapa wanawake hao pauni 1,400 za kununulia sukari, na vituo vya kuhifadhi matunda vikafunguliwa kote nchini, kwenye kumbi za vijiji, jikoni za shule, mabanda ya mashamba, popote palipoweza kuwashwa moto. Mashine za kufungia makopo zililetwa kutoka Marekani kama zawadi.

Kent, mkoa wa matunda, ndio uliokuwa chini ya njia ya ndege za Wajerumani kuelekea London. Kiangazi cha 1940 wanawake wa huko walikoroga jamu huku vita vya angani vikiendelea juu ya mapaa yao. Kati ya 1940 na 1945 vituo hivyo vilihifadhi zaidi ya tani 5,300 za matunda.

Sasa sikiliza kilichowaudhi. Jamu ile haikuwa yao. Ilipaswa kufikia asilimia 60 ya sukari sawasawa, wakaguzi wakaja kuipima, kisha ikapelekwa madukani kwenye mgawo, kwa kuwa kuanzia Machi 1941 jamu nayo ilikuwa kwenye mgawo. Mwanamke aliyechuma plamsi za shambani kwake, akazipika mchana kutwa bila malipo, akitaka chupa moja alitakiwa aipate dukani kwa kuponi kama mtu mwingine yeyote. Wengi walinung'unika, na mimi siwalaumu. Wengine walionelea heri ile sukari ingegawiwa kwa kila nyumba, kila mama apike kwa namna yake. Na kuna misimu serikali iliwaongezea watu sukari ya kupikia jamu nyumbani au ikawaruhusu kuchukua sukari badala ya jamu. Lakini mpango wa vituo ulikuwa na mantiki yake. Sukari ikigawanywa nyumba kwa nyumba, mwenye miti anafaidi na asiye na mti anabaki na mkate mkavu.

Vita ilikwisha, mgawo haukwisha. Sukari iliachiwa huru Septemba 1953 tu. Kwa hiyo kizazi kizima cha Waingereza kilikua kikiona jamu ya nyumbani kama kitu kilichopatikana kwa kubana matumizi: mama akinywa chai bila sukari kuanzia Machi ili Agosti awe na ya plamsi. Nadhani kizazi hicho ndicho kilichoifanya jamu iwe na uzito wa hisia ulio nao hadi leo. Wajukuu wanaosimulia kuhusu jamu ya bibi wanasimulia, bila kujua, habari za nyambizi na kuponi. Vyama vyenyewe vilibandikwa jina la utani la jamu na Jerusalem, huo wa pili ukiwa wimbo wanaouimba mikutanoni, na wengi wao walichoka kulisikia, kwa sababu walikuwa pia wamepigania maji ya bomba, wakunga na mishahara sawa.

Jamu ilikwishavuka bahari na walowezi hadi Afrika Mashariki. Waingereza waliopanda plamsi na fyulisi kwenye vilima vya Mua, Machakos, na Wajerumani waliopanda matunda ya kwao milima ya Usambara, walitaka kabati la chakula lifanane na la nyumbani. Aliyelijaza alikuwa mpishi Mwafrika, ambaye walimwita "boi" hata akiwa na wajukuu. Kabla ya Vita Kuu ya Pili chama cha wanawake wa Kanisa la St Andrew's, Nairobi, kilitoa kitabu cha mapishi cha walowezi, na ndani yake mliwekwa Kiswahili cha kumwagizia mpishi. Ni Kiswahili cha amri: leta, osha, pika. Mpishi yule hakuandikiwa kitabu, na alichojifunza alikihamisha kwa kichwa hadi kwake. Hadi leo jamu za Mua zipo madukani Kenya, na huko Irente, karibu na Lushoto, shamba la Kanisa la Kilutheri huuza jamu ya matunda ya milimani pamoja na jibini na mkate mweusi wa Kijerumani.

Tanzania, mafunzo ya kusindika matunda sasa hutolewa na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, na wanaohudhuria kwa wingi ni wanawake: jamu ya embe, ya nanasi, ya choya kule Dodoma. Kiwango cha kimataifa wanachofundishwa ni kilekile cha vituo vya 1940, asilimia 60. Lebo nayo ina masharti, na mojawapo ni kuandika jina na anwani ya mtengenezaji, jambo ambalo lingemfaa Sarah Jane Cooper. Hayo wanayamudu. Kinachowatesa ni chupa. Maembe ya msimu huokotwa karibu bure, sukari hununuliwa kwa kuchanga, lakini chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana inaweza kuwa ghali kuliko kilichomo ndani, na asiyeagiza nyingi kwa mkupuo hauziwi kwa bei nafuu. Wakati wa vita chupa ziliadimika Uingereza pia, zikakusanywa nyumba kwa nyumba, zikaoshwa, zikatumika tena. Huku kwetu mkaguzi wa chakula hataki kuona chupa iliyokwisha kuwa na kitu kingine.